Masika Kwa Ngozi

2 Machi

Mvua ya kwanza imenyesha mchana huu, na harufu imeamka. Kila masika ni hivyo hivyo: kuta zikilowa tu, jengo zima linanuka kama mnyama aliyekufa juzi. Wagonjwa wangu wanadhani ni mimi. Leo mama mmoja kaingia, kavuta pumzi, kanitazama toka juu hadi chini, kisha kaziba pua kwa mtandio. Na yeye mwenyewe jino lake limeoza hadi mzizi.

Nikaitwa kwenye kikao cha wapangaji, kule chini dukani kwa Mjomba. Mjomba ni mdogo wake mama, tumbo moja, na ndiye mwenyekiti wetu. Anauza vitambaa hapo chini tangu sijazaliwa. Habari yenyewe ni kwamba Mrithi, mjukuu wa aliyelijenga jengo hili, anataka kulivunja ajenge mnara wa vioo. Lakini baraza la mji likilitangaza kuwa jengo la kihistoria, hawezi kuligusa hata msumari. Kikao cha baraza ni mwishoni mwa Aprili. Inatakiwa iandikwe historia.

"Ataandika Daktari," Mjomba akasema. "Baba yake alikuwa hapa, yeye yuko hapa, na ana mwandiko wa kusomeka, jambo ambalo kwa daktari ni muujiza."

Watu wakacheka. Nikakubali. Mjomba alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, na katika jengo hili hicho ndicho kitu pekee kisichonitia kinyaa.

7 Machi

Nimeanza kuuliza. Mtaani jengo hili huitwa Kwa Ngozi, na hakuna anayejua kwa nini. Sasa najua. Lilijengwa liwe ghala. Ngozi za ng'ombe na mbuzi zilitiwa chumvi zikarundikwa chini ya ardhi, zikingoja kusafirishwa. Chumvi na mafuta yale vimenywewa na mawe. Ndiyo maana kila masika tunanuka: ni ng'ombe wa karne iliyopita wanatoka jasho.

Baada ya ngozi likawa duka kubwa, lenye lifti ya kwanza mjini. Mteja wangu mmoja, bibi aliyebakiwa na meno ya mbele tu, aliletwa humu na mama yake kununuliwa viatu. Watu wa aina yetu waliingia kwa mlango wa nyuma, ule wa mizigo, na hawakuruhusiwa kujaribu viatu. Walikwenda na kamba waliyopimia mguu nyumbani. "Nilivaa viatu vya kamba utoto wangu wote," akaniambia, "na vyote vilinibana."

Baadaye likawa duka la serikali, la foleni za sukari na sabuni. Kisha likakatwakatwa kwa mbao hadi likawa hivi lilivyo: vyumba juu ya vyumba kama mdomo wenye meno yaliyosongamana.

Lifti ilikufa zamani. Tundu lake sasa ndilo jaa letu. Wa juu wanatupa, wa chini wananusa.

9 Machi

Mvua. Panya mmoja amepita juu ya kiatu changu nikiwa nimeshika sindano. Hakukimbia hata. Alitembea.

14 Machi

Nimempelekea Mjomba kurasa za kwanza. Amezirudisha zimejaa wino. Nilipoandika "ghala la ngozi" ameandika "ghala la bidhaa." Habari ya kamba na viatu ameifuta yote.

"Hii itawaudhi watu, mwanangu."

"Watu gani? Waliokataza wamekufa."

"Wajukuu zao hawajafa. Wengine wako barazani. Sisi tunaomba, na mwombaji hachagui." Akanimiminia chai. "Andika lifti. Watu wanapenda lifti."

"Lifti ina nepi na maganda mpaka ghorofa ya kwanza, Mjomba."

"Basi andika ilivyokuwa."

Nimeandika lifti ilivyokuwa. Nimejisikia kama niliyemsafisha mtu meno ya mbele peke yake, kwa kuwa ndiyo yanayoonekana akicheka.

16 Machi

Kila mpangaji sasa ana historia yake. Fundi viatu anataka iandikwe kwamba chumbani mwake alilala mfalme. Nimemuuliza mfalme gani. Amesema niweke yeyote atakayefaa.

21 Machi

Mrithi amekuja kutembelea mali yake. Kijana mnene, ngozi laini, leso ya manukato puani tangu mlangoni. Alipanda ngazi bila kushika ukuta wala kitasa. Aliponiona akaniambia, "Daktari, mtu wa elimu kama wewe unavumiliaje humu?" akanyoosha mkono. Ulikuwa na jasho la baridi. Nikanawa mara alipoondoka, kwa sabuni ile ya kabla ya upasuaji.

Chini nilimsikia Mjomba akimwambia, "Babu yako alijenga kwa mawe, mwanangu. Wewe utajenga kwa vioo. Tofauti ndiyo hiyo." Wapangaji wakapiga makofi. Nami nikapiga.

27 Machi

Nataka kuliona ghala la chini. Nguzo za kule, nimesikia, ni za mawe ya kuchongwa kwa mkono, na baraza likiona picha zake litalainika. Lakini ghala lote analitumia Mjomba kuwekea robota za vitambaa. Wiki iliyopita aliniambia ufunguo umepotea. Juzi maji yamejaa. Leo kuna nyoka.

"Nyoka katikati ya mji, Mjomba?"

"Nyoka ni nyoka, hana anwani."

Nimecheka. Yeye hakucheka.

1 Aprili

Mvua usiku kucha. Mlango wa kliniki umevimba, naufungua kwa bega.

6 Aprili



Asubuhi maji machafu yalifumuka chooni ghorofa ya kwanza, yakateremka ngazi kama yana miadi. Mjomba alikuwa amekwenda mazishini. Mwalimu wa cherehani wa ghorofa ya juu, ambaye sote tunamwita Bi Nyuzi, akamwita fundi bomba, na fundi akasema chemba ya maji machafu iko ghalani chini, hakuna njia nyingine. Kufuli likakatwa. Nikachukua tochi na kamera, nikashuka naye.

Sijawahi kunusa kitu kama kile, na mimi nimefungua majipu ya ufizi maisha yangu yote. Maji yalifika kwenye vifundo, meusi, nywele za kitu zikielea juu yake. Kuta zilitoa ukungu mweupe kama ulimi wa mgonjwa. Lakini nguzo zilikuwa nzuri kweli, nene, za mawe yaliyokaa pamoja bila kuachana hata upenyo wa kucha. Nikapiga picha moja baada ya nyingine, nikisogea ndani, hadi penye robota.

Nyuma ya robota nguzo moja haikuwepo.

Haikuwa imeanguka. Ilikuwa imekatwa. Kisiki chake kilibaki usawa wa goti, kimesawazishwa vizuri ili mkokoteni upite kutoka mlango wa mizigo. Pembeni yake yalisimamishwa magogo matatu yaliyofungwa pamoja kwa waya, yakibeba boriti ya juu. Yalikuwa yamepakwa rangi ya kijivu yafanane na jiwe. Nikayapiga picha, kisha nikaligusa gogo la karibu. Kidole kiliingia. Kiliingia kama katika andazi lililolowa.

Fundi bomba akaelekeza tochi juu, akafuata boriti ilikokwenda, akazima tochi.

"Daktari, mimi ni wa mabomba tu," akasema. Akazibua chemba kwa haraka, akaondoka bila kungoja chai.

Nilipanda nikasimama katikati ya duka la Mjomba, nikahesabu kwa macho kilichoko juu ya magogo yale. Duka. Juu ya duka, ofisi za mawakala. Juu ya mawakala, kiti changu cha wagonjwa. Juu yangu, Bi Nyuzi na wasichana wote anaowafundisha kushona, na cherehani za chuma.

7 Aprili

Mjomba amerudi. Hakunitukana kwa kukata kufuli. Alifunga mlango wa duka akakaa juu ya jora.

"Ile nguzo ilinizuia mkokoteni," akasema. "Nilikuwa kijana, ndiyo kwanza nimepewa duka. Fundi akaniambia zipo nyingi, moja haina kazi."

"Na ukaamini."

"Limesimama miaka yote hiyo. Jengo halikuniuliza, wewe unaniuliza."

"Magogo yameoza, Mjomba. Nimeingiza kidole."

"Nitabadilisha. Mvua ikiisha, baraza likishapitisha, nitabadilisha nitie chuma. Sasa hivi nikileta chuma humu, Mrithi atauliza cha nini." Akanitazama kwa upole. "Usinitazame kama mgeni. Baba yako alijua."

Nikamwambia anyamaze kuhusu baba yangu.

"Ukuta wake ulipopasuka alishuka kuniuliza. Nikamwonyesha. Alikuwa na deni la shukrani kwangu, ni mimi niliyempatia kile chumba. Akapanda, akafanya kazi yake. Usipoziba ufa utajenga ukuta, wahenga walisema. Baba yako aliziba."

8 Aprili

Kliniki kuna picha kubwa ya taya iliyochorwa kwa rangi. Baba aliitundika, nami sijawahi kuisogeza, kwa sababu ni ya Baba. Leo nimeishusha.

Ufa unatoka sakafuni hadi darini. Umejazwa plasta, si ya ujenzi. Ni plasta yetu, ile tunayochukulia umbo la meno, nyeupe, laini, iliyosawazishwa kwa kijiko chetu kidogo. Naujua mkono ule. Ndio ulionifundisha kusawazisha. Na kando ya plasta ufa mpya umejifungua, mbichi, unapitisha kisu cha karatasi.

Nimetapika kwenye beseni la wagonjwa. Baba yangu alikuwa akiwaambia watu kila siku, ukificha jino bovu linakula taya.

9 Aprili

Nimemwambia Mama. Tunaishi pamoja, na sura yangu haikuwa ya kuficha kitu. Alikuwa anachambua mchele. Hakuacha kuchambua.

"Ni ndugu yangu," akasema.

"Najua, Mama."

"Mtoto akikunyea mkono, huukati. Unaunawa."

"Huyu si mtoto. Na kinyesi si cha kwangu peke yangu, kinawaangukia wasichana wa watu."

"Baba yako je? Utamfukua naye?"

Akaendelea kuchambua, anatoa mawe, anayaweka pembeni kwa mpangilio.

11 Aprili

Nimepanda kwa Bi Nyuzi. Nilidhani akisikia atawashusha wasichana palepale. Ni rafiki yangu, mwanamke mwenzangu. Tumekula chakula cha mchana pamoja miaka mingi kuliko wanandoa wengi. Alinisikiliza huku anapitisha uzi kwenye sindano.

"Mtihani wao ni wiki ijayo," akasema. "Wakikosa huu, wamepoteza mwaka. Wengine hawatarudi, wataolewa. Ngoja wafanye."

"Na likianguka?"

"Limengoja maisha yako yote, litangoja wiki." Kisha, bila kuniangalia: "Ulifikiri hatusikii? Sakafu imelala upande mmoja. Uzi ukianguka unabingirika wenyewe hadi dirishani. Tumezoea."

Nilishuka ngazi nikiwaza kwamba katika jengo hili mimi ndiye niliyekuwa mjinga wa mwisho. Wote walikuwa wananusa. Kila mmoja alikuwa ameshika pua yake na kunyoosha kidole kwa Mrithi. Nami nilishika kalamu, nikiandika lifti ilivyokuwa.

12 Aprili

Nilikwenda ofisi ya majengo ya mji. Wamesema niache maelezo, mkaguzi yuko likizo.

13 Aprili

Msichana mmoja amekwama ndani ya choo cha juu. Hakikuwa na kufuli. Fremu imeshuka ikaukaba mlango. Tulimsikia analia mpaka fundi viatu alipouvunja. Alipotoka alikuwa na vumbi la chokaa kwenye nyusi, anatetemeka, na wenzake wakamcheka. Bi Nyuzi hakucheka. Alitazama dari, kisha akanitazama mimi. Nikashuka nikavua koti jeupe.

14 Aprili

Nimekwenda kwa Mrithi.

Hakukuwa na mlango mwingine wa karibu. Mwenye nyumba akisema nyumba yake mbovu, mji unaamka mara moja. Ofisi yake ina zulia la kuzama mguu na inanuka maua ya dukani. Nikamwonyesha picha. Alizipitia taratibu, moja moja, na kwenye ile ya magogo alitabasamu kabla hajakumbuka kutotabasamu.

"Kumbe," akasema. "Kumbe wao wenyewe."

"Kuna wasichana juu. Leo hii."

"Bila shaka, bila shaka. Usalama kwanza." Alikuwa ameshanyanyua simu. "Na wewe Daktari, katika jengo jipya, chumba chako kipo. Upande wa barabarani, ukitaka."

Nikamwambia sitaki chumba. Akasema watu wote husema hivyo mwanzo. Akanisukumia sahani ya biskuti. Nilitoka nikiwa nimefanya jambo sahihi, na nilihisi kama nimelamba sakafu.

15 Aprili

Wamekuja asubuhi: mhandisi wa mji, askari, utepe wa njano. Mhandisi alishuka ghalani akapanda mbio. Akaamuru watu wote watoke.

Hawakutaka kutoka. Fundi viatu alikaa mlangoni akashika miimo yote miwili. Mawakala walidai barua. Mjomba alisimama ngazini na shati lake jeupe, akasema kwa sauti iliyotulia kwamba hii ni njama, kwamba Mrithi amenunua mtu wa ndani, na kwamba mtu huyo amekula mkononi mwake yeye Mjomba tangu akiwa hana meno. Wote wakanigeukia. Mtu akatema mate. Yaliangukia kiatu changu, nami nikayaacha.

Kisha tukasikia vishindo juu. Bi Nyuzi anashuka mbele, cherehani kichwani, na nyuma yake wasichana wawili wawili, kila jozi na cherehani yao, polepole, wanaambaa na ukuta. Mjomba alikuwa katikati ya ngazi.

"Mwalimu, warudishe. Mtihani wao je?"

"Nipishe, mwenyekiti," Bi Nyuzi akasema. "Huu mzigo mzito."

Akampisha. Baada ya hapo wengine nao wakaanza kubeba. Bi Nyuzi alipita karibu yangu nikasikia pumzi yake. Hakunitazama.

17 Aprili

Mvua. Mama hasemi nami. Ananiwekea chakula, anafunika, anaondoka.

19 Aprili

Limeanguka.

Si lote. Kona yote ya upande wa mizigo, kuanzia duka la Mjomba hadi chumba cha cherehani, ilishuka leo saa ya watu kufungua maduka. Nilikuwa kwenye duka la dawa ng'ambo ya barabara nikiulizia chumba. Haikupiga kelele nilizotarajia. Ilikuwa kama mtu mzito anayekaa chini kwa kuchoka. Kisha vumbi, kisha harufu: ng'ombe wote wale, na tundu la lifti, na choo, vikamwagika mtaani kwa pamoja. Watu walikimbia wakiwa wameziba pua, si masikio.

Vumbi liliposhuka, kiti changu cha wagonjwa kilikuwa kinaning'inia ghorofa ya pili kwa bomba lake la maji. Ukuta wa taya ulikuwa haupo. Juu ya kiti hakukuwa na sakafu. Nilitazama pale walipokuwa wanakaa wasichana, na palikuwa na mbingu.

Hakuna aliyekufa. Mpita njia kaumia mguu. Fundi viatu, aliyekuwa amesimama karibu yangu, akamwambia mwenzake, "Si angalau wangengoja tutoe mali," na nilipomtazama akaongeza, "Mimi nasema tu."

22 Aprili

Juzi Mrithi aliniletea shada la maua nyumbani, na kadi ya shukrani. Tingatinga zimeanza. Baraza limeahirisha kikao kwa kuwa hakuna tena cha kujadili. Nimeyatupa maua jalalani. Mama kayatoa, kakata vikonyo, kayatia kwenye jagi mezani. Anasema maua hayana kosa. Yameoza siku ya pili.

30 Aprili

Nimekutana na Bi Nyuzi sokoni. Amepata ukumbi wa kuazima, na baada ya kubembeleza sana wasichana wamekubaliwa kufanya mtihani mwezi ujao. Alinieleza hayo akitazama nyanya. Nikamwambia nimefurahi. Akasema, "Sawa, Daktari." Zamani alikuwa akiniita shoga.

12 Mei

Mvua zimekata. Nina chumba nyuma ya duka la dawa, kidogo, safi, kinanuka rangi mpya. Wagonjwa wanakuja kidogo kidogo.

Leo Mjomba ameletwa na Mama. Shavu limevimba hadi jicho limefumba. Mama akamketisha, akasema yeye atangoja nje. Amepungua, kola ya shati ilikuwa imemzidi shingo. Nilipomwambia afungue mdomo usaha ulitoka wenyewe, na harufu yake nilihisi kwenye macho. Nikampiga sindano ya ganzi. Ganzi inataka muda kukolea, na hakuna daktari aliyewahi kujua aseme nini na mgonjwa katika muda huo.

"Ulijua litaanguka?" nikamuuliza.

Nilidhani atanitajia fundi wake, au baba yangu. Mdomo ulikuwa umeanza kufa upande mmoja, maneno yakatoka yamelegea.

"Kila asubuhi nilishuka nikaweka mkono kwenye lile gogo, kabla sijafungua duka. Wasichana wakishuka ngazi mapumziko, lilikuwa linalia."

"Ukafanya nini?"

"Nikapanda. Nikafungua duka."

Taa ilikuwa inammulika usoni na hakuliepusha jicho lake zima. Sijui alitaka nimwambie nini. Nilishika koleo. Lilinijia wazo la kutongoja ganzi ikolee, na sitajifanya halikunijia. Niligusa ufizi, nikamuuliza kama anahisi. Akasema anahisi. Nikangoja. Nikagusa tena. Akatikisa kichwa. Ndipo nikang'oa, taratibu, mzizi na mfuko wake wote wa usaha, nikasafisha shimo, nikamtia pamba nikamwambia aume asiongee. Sikuwahi kung'oa jino vizuri hivyo. Alipoondoka nilinawa hadi viwiko, kisha nikafungua madirisha yote.

Jioni Mama alinipakulia chakula akakaa mbele yangu, mara ya kwanza tangu Aprili.

"Kwa hiyo umemsamehe," akasema.

"Nimemng'oa jino, Mama," nikamwambia. "Ndicho alichokijia."